Mkono wa Sweta

Kwenye mswada wa tamthilia niliandikwa JIRANI, kwa herufi kubwa, na pembeni: miaka 50 na kitu. Nilikuwa na 41. Sikulalamika. Tangu nikiwa na miaka 28, watu wa kuchagua waigizaji wakinitazama wanamwona mama wa mtu. Nilikuwa nimeshakuwa nesi mara tisa, mama mkwe mara nne, karani, shahidi mahakamani, askari jela, na maiti mara moja, kazi ambayo siitaki tena kwa sababu ukishaambiwa usipumue ndipo pua inapoanza kuwasha. Watu hunisimamisha njiani kuniuliza kama niliwahi kuwafundisha shule. Nikikana, huuliza kama nilikuwa hospitali. Siku nyingine nakubali tu, yaishe.

Jirani huyu alikuwa mbea. Kwa vipindi kumi na kimoja kazi yangu ilikuwa kufungua pazia, kuchungulia, kufunga pazia. Pazia hilo lina ukoo wake. Alice Pearce alilishika zamani, katika tamthilia ya Marekani ya Bewitched iliyoanza 1964. Alicheza Gladys Kravitz, jirani anayechungulia nyumba ya mchawi na kuyaona yote, lakini mumewe hamwamini hata siku moja. Alipoanza kucheza nafasi ile alikuwa tayari anajua ana saratani, akaifanya siri. Alifariki Machi 1966, na mwaka uleule akapewa tuzo ya televisheni ya Emmy akiwa kaburini. Miaka miwili baadaye Marion Lorne, aliyekuwa shangazi Clara katika tamthilia hiyohiyo, naye akafa siku chache tu kabla ya kutangazwa mshindi wa Emmy. Watu husema staringi hafi. Labda ni kweli, maana sisi wa pembeni ndio tunaokufa kwa niaba yake.

Basi kipindi cha kumi na mbili nikapewa ukurasa mmoja na nusu. Mtoto wa staringi amepotea, na jirani anakuja kukiri kwamba usiku ule alichungulia kama kawaida yake, akamwona kijana akitoka na begi, na hakusema neno. Yaani mbea mzima, maisha yake yote anasema, halafu usiku mmoja aliotakiwa kusema ndio akanyamaza. Niliposoma nilikaa chini. Wakati huo bado nilikuwa nashika vitabu vya hesabu vya watu asubuhi, kwa sababu kuchungulia pazia hakulipi kodi ya nyumba. (Mwigizaji wa Marekani Marla Gibbs aliendelea na kazi yake ya ofisini katika shirika la ndege la United hata alipokwisha kuwa Florence, mfanyakazi wa ndani katika tamthilia ya The Jeffersons, kwa hiyo sikuona aibu.) Wiki nzima nilijumlisha tarakimu za watu huku nikinong'ona maneno ya jirani.

Nikaja na wazo. Jirani aje na sweta ya yule kijana, iliyopeperushwa na upepo kutoka kwenye kamba ikaangukia upande wake, na aikunje huku akisema. Mwongozaji akalipenda. Mimi nikafurahi, nisijue kwamba nimejitafutia msalaba.

Anayetazama nyumbani hudhani tunaigiza mara moja. Kwanza inapigwa picha pana, tukio lote mwanzo hadi mwisho, wote mkionekana. Kisha kamera inamsogelea mmoja, mnarudia. Kisha inageuzwa na taa zinahamishwa, mnarudia tena kwa uso wa mwingine. Baadaye mhariri anashona vipande hivyo vionekane ni dakika mbili za mfululizo. Kwa hiyo kama katika picha pana ulikunja mkono wa kushoto wa sweta uliposema "usiku ule", utaukunja mkono huohuo kwenye maneno hayohayo hadi jioni. Kuna mtu kazi yake ni kukulinda hapo. Sisi tunamwita dada wa kontinyuti. Wetu alikuwa na miwani, jalada la karatasi, na penseli iliyofungwa kwa uzi shingoni, na alikuwa anajua mikono yangu kuliko mimi mwenyewe.

Alianza staringi, kama ilivyo ada. Nikasimama kando ya kamera, nje ya picha, nimpe maneno yangu apate wa kumjibu. Hapo ndipo wakongwe hutunza machozi. Mimi nikalia. Teki sita, yaani tulirekodi mara sita, nikalia zote sita, kwa ajili ya uso wa mwenzangu, na kamera haikuniona hata kidole. Akaniambia asante, kwa dhati kabisa, akaenda kula.

Tuliporudi, hayupo. Saa zake za mkataba zilikuwa zimekwisha na alikuwa na shughuli pengine. Msaidizi wa mwongozaji akabandika kipande cha utepe mwekundu kwenye mguu wa taa, karibu na lenzi, kimo cha macho yake. "Huyo hapo," akasema. Maneno ya mama aliyepotelewa na mwanawe yangesomwa na dada wa kontinyuti.

Alisoma kama mtu anayesoma risiti. Simlaumu. Jicho moja lilikuwa kwenye mswada na jingine kwenye sweta, na hakuajiriwa kuigiza. Teki ya kwanza nilikuwa mkavu. Ya pili, mkavu. Ya tatu nikaanza kupata kitu, akainua penseli: "Mkono wa kushoto, mama." Binti wa vipodozi akaja taratibu na kijiti cha mentholi, kile cha kupaka chini ya jicho machozi yatoke yenyewe. Nikakataa. Kiburi. Ya nne nikamwambia utepe siri yangu yote, na utepe ukabaki utepe. Nikasikia mtu nyuma ya taa akitazama saa, ndiyo, inasikika.

Katika ya tano dada alifika kwenye "Kwa nini hukuniambia?" akanyamaza kidogo kabla ya kulisema, kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi. Sauti yake ilikuwa ileile, kavu. Lakini aliniuliza. Nikaacha utepe, nikamjibu yeye, ingawa alikaa hatua moja zaidi upande wa kulia na mstari wa macho yangu ukapinda. Machozi yakaja bila mentholi. Sijui mikono ilifanya nini.

"Kata. Nimepata," mwongozaji akasema, na watu wakaanza kukunja nyaya.

Nilikuwa narudisha sweta kwa watu wa mavazi dada aliponipitia. Hakusimama. "Ulikunja wa kulia," akasema kwa sauti ya chini. "Sikuandika."

Kipindi kilirushwa miezi minne baadaye. Nilikitazama peke yangu. Ukurasa wangu mmoja na nusu ulikuwemo wote, neno kwa neno, ila ulipita juu ya uso wa staringi. Picha yake ya karibu, sauti yangu. Uso wangu ulionekana sekunde nne, nimehesabu, na sweta iko chini ya fremu. Wahariri huapa kwamba wao huangalia hisia kwanza na mikono ya sweta baadaye. Huenda. Na huenda kama angeandika, tungepiga ya sita, ikatoka kavu na sahihi, nami ningepata sekunde ishirini. Nilikaa na hesabu hiyo muda mrefu, mimi mtu wa hesabu. Kisha nikarudisha nyuma nikasikiliza tena nimefumba macho. Sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya teki ya tano.

Tulikutana tena baada ya miaka miwili, kwenye seti nyingine. Mimi nesi, mara ya kumi. Yeye kwenye kiti chake, penseli shingoni, uzi mpya. Nikachukua kipimajoto nikauliza nilikishika mkono gani kwenye picha pana.

"Wa kushoto, mama." Akanitazama juu ya miwani. "Na leo nitaandika."