Kwa nini, na kiasi gani

Mwanafunzi mdadisi hachelewi kujaza daftari. Kwa nini mwezi unaochomoza unaonekana mkubwa kuliko ule ulio utosini? Kwa nini mtoto anayeshikwa mkono hulazimika kukimbia ilhali mkubwa wake anatembea tu? Kwa nini kitu kilichoning'inizwa, kikisukumwa, hubembea kwa mwendo uleule kama kinachohesabu? Yote ni maswali mazuri, ila mengi hufia daftarini kwa sababu yameachwa kwenye "kwa nini". Ongeza kipande kimoja tu: kiasi gani? Ukishauliza kiasi gani, huna budi kutafuta kitu cha kupimia, na hapo ndipo swali linapoanza kujibika.

Tuanze na mwezi, maana hauchukui muda. Toboa karatasi kwa mashine ya kutobolea ya ofisini. Tundu lake lina kipenyo cha milimita 6 hivi. Mwezi mpevu unapochomoza, fumba jicho moja, shika karatasi kama sentimita 65 kutoka kwenye jicho lililo wazi, uchungulie. Mwezi unaenea tunduni karibu sawasawa. Rudia baada ya saa kadhaa, ukiwa umepanda juu. Unaenea vilevile. Kwa hiyo hewa haikuukuza. Ni ubongo unaoukadiria vibaya ukiwa karibu na upeo wa macho. Tena ukipiga hesabu, mwezi unaochomoza ni mdogo kidogo kuliko ule wa utosini, kama asilimia 1 na nusu hivi, kwa kuwa wakati huo uko mbali nasi zaidi kwa takriban nusu kipenyo cha Dunia.

Sasa kitu kinachoning'inia, yaani pendulamu. Hapa nitakaa, kwa sababu sijui jaribio jingine linalogharimu kidogo hivi na kufundisha mengi hivi. Vifaa ni uzi, kufuli, tepu ya kupimia na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Uzi uwe mwembamba na usiovutika. Uzi wa pamba uliosokotwa vizuri au wa kuvulia samaki unafaa. Mpira haufai kabisa, na nailoni nene hurefuka taratibu ukiwa umeitundikia mzigo. Ndiyo maana urefu unapimwa baada ya kufuli kuning'inia, wala si uzi ukiwa mezani. Kwa nini kufuli? Ni zito, ni dogo, na hewa haipati pa kulishika. Chupa ya maji iliyojaa nusu inavutia kwa kuwa ipo kila mahali, lakini maji yanacheza ndani na kusogeza kitovu cha uzito, na vipimo vyako vitayumba bila wewe kujua sababu.

Sehemu ya kufungia ndiyo inayowaangusha wengi. Uzi uliofungwa kwenye msumari hujiviringisha kidogo kila upande unapobembea, hivyo urefu wa kweli unabadilika katikati ya safari. Bora kuubana uzi katikati ya rula mbili zilizofungwa pamoja na kuwekewa kitu kizito ukingoni mwa meza. Hapo egemeo ni ncha kali inayojulikana: pale uzi unapotoka kwenye mbano. Meza nayo isitikisike. Meza inayotetemeka inakunywa nguvu ya pendulamu.

Pima kutoka kwenye mbano hadi katikati ya mwili wa kufuli. Iwe mita 1 kamili. Sogeza kufuli pembeni kama sentimita 17, hiyo ni digrii 10 hivi, kisha liachie. Liachie tu, usilisukume, vinginevyo litapita njia yenye umbo la yai badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja.

Kuhesabu kuna ufundi wake. Anza saa kufuli linapopita chini kabisa likielekea, tuseme, kulia, na wakati huo utamke "sifuri". Likipita tena chini likielekea kulia, "moja". Endelea hadi 20 ndipo usimamishe saa. Kuna sababu mbili za kuchagua chini. Kwanza, pale ndipo kufuli linakwenda kasi kuliko popote, hivyo muda wa kupita unaonekana wazi. Ukingoni linazubaa kabla ya kugeuka na macho hayajui lini hasa limegeuka. Pili, upana wa mbembeo hupungua taratibu, lakini sehemu ya chini haihami.

Hiyo "sifuri" si jambo dogo. Anayeanza kwa kusema "moja" atasimamisha saa baada ya mibembeo 19 akidhani ni 20. Saa yake itasoma sekunde 38.1 badala ya 40.1. Tofauti inaonekana ndogo, ila tazama inavyokua: nguvu ya mvutano wa Dunia, ile g ya vitabuni (takriban 9.8, yaani mita kwa sekunde kila sekunde), unaipata kwa kuzidisha urefu kwa 39.48, kisha kugawa kwa muda wa mbembeo mmoja uliozidishwa kwa wenyewe. Sekunde 40.1 gawa kwa 20 ni 2.005. Kwa urefu wa mita 1, g inakuwa 9.82. Aliyeanza na "moja" anapata 10.88. Muda unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo kila kosa la muda linaingia kwenye jibu mara mbili. Ukiona g ya 10.8 au 10.9, usiulaumu uzi; rudi kwenye kuhesabu.

Na ukiona 9.4? Hapo nashuku urefu. Aliyepima mpaka kwenye pete ya kufuli, sentimita 96, akasahau sentimita 4 za kushuka hadi katikati ya mwili wake, atapata 9.43 hata kama muda wake ni safi. Hili napenda mwanafunzi alijue mapema: kila kosa lina alama yake, na namba mbaya inaweza kukuelekeza mahali ilipoharibikia.

Mibembeo 20 nayo si ya mapambo. Kidole kwenye simu kinaweza kuchelewa au kuwahi kwa sehemu 2 za kumi za sekunde. Kwenye mbembeo mmoja wa sekunde 2, hilo ni kosa la asilimia 10, na kwenye g ni 20. Kwenye mibembeo 20 kosa lilelile linagawanywa mara 20.

Ipo njia ya kulikwepa hata tatizo la kujua katikati ya kufuli ni wapi. Fanya jaribio kwa urefu wa sentimita 25, 50, 75 na 100. Mibembeo 20 itachukua takriban sekunde 20.1, 28.4, 34.7 na 40.1. Angalia ya kwanza na ya mwisho: urefu umezidi mara nne, muda umezidi mara mbili tu. Sasa chora muda wa mbembeo mmoja, uliozidishwa kwa wenyewe, dhidi ya urefu. Nukta zinajipanga kwenye mstari mnyoofu. Kama ulikosea katikati ya kufuli kwa sentimita 3 kila mara, mstari mzima utahama na hautapita kwenye sifuri, lakini mteremko wake utabaki uleule, na g inatoka kwenye mteremko. Kosa limejitenga lenyewe kando. Kwangu hii ni miongoni mwa hila nzuri kabisa anazoweza kujifunza mtu kwa uzi na penseli.

Badilisha kufuli, weka lenye uzito mara mbili. Muda haubadiliki. Swali la "kwa nini" linarudi hapa, na safari hii lina jibu la kushikika: kufuli zito linavutwa na Dunia mara mbili zaidi, lakini pia linagoma kusogezwa mara mbili zaidi. Mbili kwa mbili, zinafutana. Kumbuka tu kupima urefu upya, kwa sababu kufuli kubwa katikati yake iko chini zaidi. Wengi husahau hilo, wakatangaza kwamba uzito unabadilisha muda.

Je, upana wa mbembeo unabadilisha muda? Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliamini haubadilishi hata kidogo. Alikuwa karibu na ukweli, lakini hakuufikia, na wewe unaweza kumkamata. Tengeneza pendulamu mbili za mita 1, moja iachie kutoka digrii 10, nyingine kutoka digrii 60. Hiyo 60 huhitaji kifaa cha pembe: vuta kufuli mpaka liwe sentimita 50 chini ya usawa wa mbano, uzi ukiwa umenyooka. Ziachie kwa pamoja. Mwanzoni zinaonekana kama zimekubaliana. Baada ya mibembeo mitatu minne, ile pana imeanza kuchelewa, na kabla ya kufika 10 zitakuwa zinapishana, moja ikienda kulia nyingine kushoto. Mbembeo wa digrii 60 huchukua muda zaidi kwa asilimia 7. Wa digrii 10 ni chini ya sehemu 2 za elfu, kwa hiyo tunausamehe.

Christiaan Huygens, Mholanzi aliyebuni saa ya pendulamu mwaka 1656, alilijua tatizo hilo. Saa za kabla yake zilipotea kama robo saa kwa siku. Zake zikashuka hadi sekunde 15 hivi. Hata hivyo joto nalo lina lake: fimbo ya chuma ya mita 1 ikipata joto la digrii 10 zaidi hurefuka milimita 0.12 tu, na saa inachelewa sekunde 5 kwa siku. Kisha mwaka 1672 Jean Richer, mtaalamu wa nyota Mfaransa, alipeleka saa kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini karibu na ikweta, ikawa inachelewa zaidi ya dakika 2 kila siku, mpaka akafupisha pendulamu kwa karibu milimita 3. Saa haikuwa mbovu. Mvutano ndio ulikuwa pungufu. Dunia inazunguka na imevimba kiunoni, hivyo g ni 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha. Kwa uzi na kufuli, ukiwa na kosa la asilimia 1, tofauti hiyo ya nusu asilimia hutaiona. Ukitaka kuikaribia, hesabu mibembeo 200 na upime urefu kwa milimita.

Turudi kwa mtoto anayekimbia. Mguu nao ni pendulamu, ila si uzi wenye kufuli, ni fimbo yenye uzito mwili mzima. Muda wake unafuata kanuni ileile: mguu ulio nusu ya urefu haubembei mara mbili haraka zaidi, ni mara 1.4 tu. Hatua ya mtoto ni nusu, idadi ya hatua ni mara 1.4, zidisha upate 0.7. Yaani akitembea kwa raha zake, mtoto huyo anafikia asilimia 70 ya mwendo wa mkubwa wake anayetembea kwa raha zake. Hizo 30 zilizobaki anazilipa kwa kukimbia. Ni makadirio, mguu una goti na misuli, lakini jaribu kumtazama mtoto njiani ukiwa na hesabu hii kichwani. Anayempeleka mkono kwa mkono ndiye apunguze mwendo.

La mwisho ni la kufanya jioni viti vikiwa havina kazi. Funga uzi mlalo kati ya viti viwili, ulegee kidogo. Ning'iniza juu yake pendulamu mbili za sentimita 50 zenye makufuli yanayofanana, ziachane kwa sentimita 20. Tuliza zote, kisha sukuma moja tu. Itabembea, na pole pole ile ya pili itaanza kutikisika bila kuguswa. Ya kwanza inapungua, ya pili inakua, mpaka inafika sekunde ambapo uliyoisukuma imesimama kabisa na jirani yake ndiye anayebembea kwa nguvu zote. Halafu yanageuka. Kama ya kwanza haisimami kabisa, pima nyuzi tena. Zikitofautiana hata sentimita 2 au 3, nguvu haihami yote. Na kama haihami kabisa, uzi wa mlalo umekazwa mno. Ulegeze, urudie.