Kabla hujalipia kamera ya zumu ndefu

Dukani Mwanjelwa, Mbeya, omba kutoka nayo nje asubuhi. Mchana hewa ya moto hutetemesha picha za mbali, ukailaumu lenzi bure. Zima zumu ya kidijitali (huko ni kukata picha tu), vuta hadi mwisho, lenga miti ya juu mlimani Loleza, piga picha tano, kisha zikuze kwenye skrini. Nikon P1000 inafika sawa na lenzi ya milimita 3000 (inavuta mbali sana), ila hapo mwanya wa lenzi ni f/8, yaani mwembamba unaopitisha mwanga kidogo, na kihisi kinachopokea picha ni kidogo: jioni hifadhini Ruaha ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga hafifu) itapanda, manyoya ya ndege yawe uji. Sikiliza mota, lenzi ikikwaruza au kusita njiani, irudishe. Mwisho piga karatasi nyeupe. Doa lisilohama ni uchafu wa ndani, na lenzi hizi hazichomoki ukasafisha.