Namba ya tarakimu 12 hupotelea wapi?

Ukitajiwa namba ya malipo ya tarakimu 12 bila kalamu mkononi, utafika ya saba au ya nane, kisha utaomba urudiwe. Si uzembe. Kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu: mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliikadiria kuwa vipande 7, viwili zaidi au pungufu, mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akashusha hadi 4 hivi.

Ila kinachohesabiwa ni vipande, si tarakimu. Chukua 196119631964. Ukiisoma moja moja, una vitu 12. Ikate vipande vitatu vya miaka: uhuru wa Tanganyika, uhuru wa Kenya, Muungano. Vimebaki vitatu, na vyote ulikuwa navyo kichwani tangu shule ya msingi.

Kushika, hata hivyo, si kuhifadhi. Mwaka 1959 watafiti Lloyd na Margaret Peterson waliwapa watu herufi 3 tu, wakawatia kazi ya kuhesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu wasipate mwanya wa kujikumbusha. Sekunde 18 baadaye, nyingi zilikuwa zimeyeyuka. Ndiyo maana mtu akikusalimia kabla hujaandika, namba imekwenda.

Mlango wa kuingilia ghala la muda mrefu ni hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio. Tulijifunza hilo kwa gharama ya Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Utoto wake aliukumbuka, na namba aliishika mradi airudie mdomoni. Lakini mtu aliyetoka kuzungumza naye, akirudi baada ya muda, alikuwa mgeni. Ajabu yenyewe: mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa nyota aichore huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, na kwa siku tatu mkono ulizidi kuwa hodari, ilhali mwenyewe hakumbuki kuwahi kujaribu. Ufundi wa mkono una ghala lake.

Sasa wewe mwenye mtihani. Soma ukurasa, funga kitabu, andika ulichobaki nacho kwenye karatasi tupu kwa dakika 5, fungua, sahihisha kwa wino mwingine. Rudia kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki. Watafiti Roediger na Karpicke (2006) walikuta kwamba kusoma tena na tena hushinda ukipimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki, waliojipima ndio walioongoza. Kupaka kurasa rangi ya njano kunafurahisha macho tu. Madrasani hili halina mjadala: mwanafunzi humsomea mwalimu kwa ghibu, msahafu umefungwa, na sura za zamani hurudiwa pamoja na mpya.

Usikeshe. Usingizini ndipo ubongo unapopitia upya ya mchana na kuyakaza.

Na usijifunze vitu vinavyofanana kwa mkupuo mmoja, vitagombana. Ukibadili namba ya siri ya simu kutoka 4271 kuwa 4217, kidole kitaenda kwenye ile ya zamani, na jaribio la tatu litakufungia laini.