Bwawa Lilikuja na Nyumba, Bili Ikaja na Bwawa

Bwawa la kuogelea hatukulitafuta. Tulitafuta nyumba, tukapata yenye vyumba vya kututosha, na uani kwake kulikuwa na shimo la maji ya buluu lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Mke wangu alisimama ukingoni akalitazama kwa muda, kisha akasema, "Baba Neema, hiki kitu kinakula." Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapiga picha na kuituma kwenye kundi la familia. Hapo nilikosea. Mpaka leo, kwa ndugu zangu mimi ni mtu wa swimingi puli, na mtu wa swimingi puli akisema mwezi huu hana kitu, wanaona anajificha tu.

Bili ya kwanza ya umeme niliisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena. Niliamini kabisa kwamba mita ina kasoro, na ningewapigia watu wa umeme kwa hasira kama nisingempigia kwanza kaka yangu, fundi umeme wa zaidi ya miaka 20 ambaye hajawahi kugusa bwawa la mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mdogo wangu, umezima kila kitu ukaitazama hiyo mita?"

Sikuwa nimefanya hivyo. Nikazima friji, taa, televisheni, vyote, isipokuwa kilichokuwa ndani ya kibanda cha nyuma ya bwawa kinacholia kama mzinga wa nyuki. Mita ikaendelea kukimbia. Kilichokuwemo ni pampu, ile inayovuta maji ya bwawa, kuyapitisha kwenye chujio la mchanga na kuyarudisha. Kwa hesabu ya mita ilikuwa inavuta wati 1,500, na taima yake mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameiacha kwenye masaa 12 kwa siku. Piga hesabu, ukijua yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja: yuniti 18 kila siku, yuniti 540 kwa mwezi. Friji letu linatumia kama yuniti moja kwa siku. Yaani uani nilikuwa na friji 18 zinazonguruma, na hakuna hata moja yenye kitu ndani.

Nilifanya ambacho nadhani kila mtu hufanya. Nilipunguza masaa, kutoka 12 hadi 3. Kwa siku tano nilijiona mjanja. Siku ya sita maji yalianza kupoteza ung'avu, na ya tisa yalikuwa kijani, kuta zinateleza kwa mwani. Nililazimika kumwaga klorini nyingi na kuiacha pampu ifanye kazi usiku na mchana kwa siku nne ili maji yarudi kama yalivyokuwa. Nilichookoa kikaondoka chote, na kingine juu yake.

Nilipomsimulia kaka akacheka, halafu akaniuliza kama nimewahi kujaribu kukimbia ndani ya maji yanayofika kifuani. Utachoka kabla ya hatua kumi. Lakini ukitembea, unavuka bwawa zima na bado unapiga hadithi. Pampu nayo iko hivyo hivyo. Ukipunguza kasi ya mota kwa nusu, maji yanayopita hupungua kwa nusu, lakini nguvu inayohitajika haipungui kwa nusu tu. Inakuwa nusu ya nusu ya nusu: moja ya nane. Kwa hiyo hata ukiiacha ifanye kazi mara mbili ya muda ili kiasi kile kile cha maji kipite, umeme utakaotumia ni robo. "Wewe ulipunguza masaa," akaniambia. "Ulitakiwa upunguze kasi na masaa uyaache." Wazee wetu waliosema haraka haraka haina baraka sijui kama waliwahi kuiona pampu, lakini hesabu yake walikuwa nayo.

Hapa niwe mkweli kuhusu namba, kwa sababu wauza pampu huzipaka rangi. Bwawa langu lina wastani wa kina cha mita 1.5, basi ni lita 48,000. Pampu ya zamani ilisukuma kama lita 16,000 kwa saa, kwa hiyo masaa matatu yalitosha kupitisha kiasi cha maji kinacholingana na bwawa zima. Unaweza kudhani kwamba baada ya hapo maji yote yamechujwa. La. Maji safi yanarudi na kuchanganyika na machafu, kwa hiyo pampu inavuta tena sehemu ya yale yaliyokwisha kupita. Mzunguko mmoja huchuja kama asilimia 63 tu ya maji, miwili hufika kama 86, mitatu kama 95. Kuanzia hapo unalipia umeme mwingi kwa faida kidogo. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa anazungusha mara nne kwa siku. Mimi kwa masaa yangu matatu nilizungusha mara moja, tena wakati wa joto, na mwani haukungoja kuambiwa. Kwa bwawa letu tunaloliogelea sisi wanne, mizunguko miwili inatosha, mradi klorini iko sawa.

Sasa linganisha. Kwa pampu ya zamani, mizunguko miwili ni masaa 6 na yuniti 9. Niliponunua pampu ya kubadili kasi na kuiweka kwenye nusu ya mwendo, mizunguko miwili ikawa masaa 12. Kwenye karatasi ingevuta chini kidogo ya wati 190, ile moja ya nane. Yangu ilisoma 260, kwa sababu mota na saketi zake nazo zina upotevu wake. Wati 260 kwa masaa 12 ni yuniti 3 na kitu. Kutoka 18 ni punguzo kubwa sana, lakini sehemu ya punguzo hilo, kutoka 18 hadi 9, ningeipata bure kwa kugusa taima tu. Ukiambiwa pampu mpya itakata asilimia 80 ya bili, uliza kwanza wamelinganisha na masaa mangapi. Kisha zidisha yuniti utakazookoa kwa bei ya yuniti ya hapo ulipo, ujue pampu itajilipa baada ya muda gani. Mtu mwenye bwawa dogo na msimu mfupi wa kuogelea anaweza kugundua kwamba taima inamtosha.

Kaka alitaka niibakishe pampu ya zamani na kuifungia kifaa cha kudhibiti kasi, kama wanavyofanya kwenye mashine za kusaga. Lakini ilikuwa mota ya fezi moja yenye kapasita, na hizo kwa kawaida hazikubali mchezo huo. Tulibishana jioni nzima.

Kasi ndogo ina tabia zake. Maji hayavuti majani kwa nguvu kuelekea kwenye skima, ule mdomo wa ukingoni unaomeza uchafu wa juu, kwa hiyo naipa saa moja ya mwendo mkali asubuhi, ikusanye uchafu wa juu, ndipo itulie. Mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi nayo hujizima maji yakipita kwa udogo kupita kiasi. Ilinibidi nipandishe kasi kidogo kidogo mpaka taa yake ya onyo ikazimika. Kuosha chujio bado kunataka kasi kamili. Kwa upande mwingine mchanga unanasa uchafu vizuri zaidi maji yakipita polepole, na kelele imekwisha. Jirani aliniuliza juu ya ukuta kama tulisafiri.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, safisha. Kikapu cha skima kikijaa majani, kikapu cha kwenye pampu kikijaa nywele, mota inahangaika na maji hayaji. Kwenye chujio kuna geji ya presha: andika inasoma ngapi likiwa safi, na ikipanda kwa kama nusu bar, lioshe kwa kulipitishia maji kinyume. Usilioshe kila wiki kwa mazoea, maana kila mara unamwaga maji uliyokwisha kuyalipia dawa, na joto.

Na joto ndilo shimo lenyewe. Kama bwawa lako halipashwi moto, ruka hapa. Letu linapashwa, kwa sababu huku miezi ya baridi huja mapema na watoto hawasikii. Kupandisha lita 48,000 kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi kunahitaji kama yuniti 56 za joto. Kwa hita ya koili ni yuniti 56 za umeme, hakuna ujanja. Pampu ya joto, ambayo hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa, hulichota joto kwenye hewa, na hali ya hewa ikiwa nzuri hutoa yuniti tano za joto kwa kila moja ya umeme. Hewa ikipoa, uwiano huo nao hushuka, kwa hiyo iwashe mchana.

Lakini joto hilo linaenda wapi? Nilidhani linapotelea ardhini. Sehemu kubwa, takriban asilimia 70 kwa bwawa la nje, huondoka na mvuke. Kila lita inayogeuka mvuke hubeba kama theluthi mbili ya yuniti. Bwawa langu likishuka milimita moja tu, ni lita 32, na hizo zimeondoka na zaidi ya yuniti 21 za joto. Milimita moja! Unazidi kidogo tu unene wa kadi ya benki. Siku ya upepo inaweza kuondoka milimita tano.

Dawa yake ni kifuniko, na kile cha plastiki chenye mapovu, kinachoelea juu ya maji, mapovu yakitazama chini, kinatosha. Hakina mota wala waya. Kwangu kimefanya kazi kuliko kitu kingine chochote nilichonunua, na ndicho kilichokuwa rahisi zaidi. Ubaya wake ni kukikunja. Ukikifanya kigumu kukitoa, wiki ya pili hutakirudisha, basi nunua na roli lake. Kingine, na hili silisemi kwa utani: kifuniko cha mapovu hakimzuii mtoto. Akikikanyaga kinazama naye na kumfunika. Kitolewe chote kabla mtu hajaingia majini, na uzio ubaki pale pale.

Nilituma picha mpya kwenye kundi, bwawa limefunikwa vizuri. Shangazi akauliza kama maji yameisha.

Mengine ni madogo. Taa ya zamani ya chini ya maji ilikuwa wati 300, ya LED iliyopo sasa ni 35, na aliyeibadilisha ni fundi mwenye leseni, kwa kuwa umeme na maji ya kuogelea si mahali pa kujifunzia. Roboti ya kusafisha sakafu inavuta kama wati 150, wakati ile pampu ya pili ya kusukuma kisafishio cha zamani ilizidi wati 1,000. Niliing'oa. Kama umeme wako ni wa bei nafuu usiku, zungusha maji usiku. Kama una paneli za jua, zungusha mchana, maana wati 260 hata jua la mawingu mepesi linaziweza. Na miezi ya baridi mwani hulala, kwa hiyo masaa nayapunguza kwa nusu bila woga wa kijani.

Pampu ya zamani ipo stoo. Kaka anaitaka, anasema mota bado nzima na ana kazi nayo. Nilimwambia ina kilo 14 na gharama ya kuisafirisha inazidi thamani yake. Akanijibu kwamba mtu mwenye swimingi puli hashindwi na kilo 14.