Rangi iliyokuwa ikibanduka kwenye ukuta wa mawe

Ukuta wa sebule ya mama hapa Tanga ulikuwa ukitoka malengelenge kila baada ya masika, kisha rangi inabanduka mapande mapande na nyuma yake unabaki unga mweupe wa chumvi. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na ni lazima unyevu huo upate pa kutokea. Lakini ulipakwa rangi ya mafuta, ile ya kung'aa, isiyopitisha mvuke. Unyevu ukikosa njia, unaisukuma rangi.

Tuliikwangua yote. Fundi akaondoa chumvi kwa brashi kavu, maana ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Tukaacha ukuta ukauke kiangazi chote. Hapo usikubali kuharakishwa na mtu. Kisha tukapaka chokaa nyepesi, mikono mitatu, kila mmoja ukisubiri uliotangulia ukauke. Haing'ai, na ukiiegemea inaacha vumbi kidogo, lakini masika yamepita na haijavimba.

Jikoni, ambako ukuta ni wa tofali na mkavu, tulichagua rangi ya maji ya silki, yenye mng'ao kidogo. Masizi yanafutika kwa kitambaa. Ya mafuta tumeibakiza kwenye milango na madirisha.