WordPress ni bure, ila nani ataandika?

Mtu wa biashara akiniuliza atumie nini kwa websaiti yake mi namwambia WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea websaiti, basi. Ipo tangu 2003, Matt Mullenweg na Mike Little waliijenga juu ya programu ya blogu iliyokuwa imetelekezwa, b2, na leo zaidi ya theluthi ya websaiti duniani zinaitumia, kwa hiyo fundi humkosi. Unalipia domeini (jina la websaiti) na hostingi (mahali inapokaa mtandaoni) tu.

Ila shida wala sio programu jamani. Unakuta duka lina websaiti kali halafu habari ya mwisho ni salamu za Idi za enzi hizo, bei za zamani, namba ya simu haipatikani! Hapo hata uhamie mfumo gani ni yaleyale. Anza na wateja wanachokuuliza kila siku WhatsApp, bei gani, mnaleta mpaka Mbagala, Jumapili mnafungua? hayo ndo maudhui yako. Kisha mpe mtu mmoja kazi ya kuyahuisha, na usimpe pasiwedi ya admini, mfungulie akaunti ya mhariri, anaandika na kuchapisha ila plagini, vile vijiprogramu vya kuongezea websaiti kazi, hagusi. Plagini zenyewe ziapdeti, wadukuzi wengi wanapitia hukohuko.