Diski ya nje ilipoikataa video ya harusi
Kompyuta yetu hapa Mwanga, Kigoma, ndiyo imebeba picha na video zote za familia, na umeme ukikatika ghafla roho huwa juu. Nikaanza kunakili kwenye diski ya nje. Picha zikapita, video ya harusi ya dada kule Ujiji ikagoma, eti faili kubwa mno, ilhali nafasi ilikuwa tele! Kumbe diski ilikuwa ya FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski, ambao haupokei faili moja ya GB 4 na kuendelea. Nikahakikisha kila kitu bado kipo kwenye kompyuta, maana kufomati hufuta vyote, kisha nikaifomati diski kwa exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa zaidi. Nikanakili upya, na video ikapita. Nikaifungua kutoka kwenye diski yenyewe, nikaisogeza hadi mwisho. Sasa diski inatunzwa kwa mama.